Yoga, Pilates na Mpanda Farasi: Dhana Potofu na Ukweli

Katika mashamba ya Njoro, Gilgil na Naivasha, ambako farasi wangali wanafugwa na kupandwa, anayesema mbele ya wapanda farasi wenzake kwamba yoga au Pilates, mazoezi ya mkekani ya kunyoosha na kudhibiti mwili, humfaa mpandaji hujibiwa upesi, na mengi ya majibu hayo si sahihi.

Dhana: Farasi ndiye anayefanya kazi, mpandaji ameketi tu.

Ukweli ni kwamba farasi anapotembea, mgongo wake huisogeza nyonga ya mpandaji mbele na nyuma, juu na chini, na upande hadi upande, karibu sawa na vile nyonga inavyosogea mtu atembeapo kwa miguu yake. Farasi akienda matiti, yaani mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia mbio, hukanyaga kwa miguu miwili miwili ya mshazari, na kila pigo humrusha mpandaji juu. Kiuno kisichoweza kulipokea pigo hilo hulirudisha kwenye tandiko, na anayeumia ni mnyama ambaye hana namna ya kulalamika ila kulaza masikio nyuma au kukataa kutandikwa.

Dhana: Usalama wa mpandaji uko katika kubana magoti.

Hii ndiyo ninayoiona kuwa na madhara zaidi, kwa sababu wanaoanza hufundishana wenyewe kwa wenyewe. Magoti yakibana, paja hupanda, kisigino huinuka na makalio huachana na tandiko. Isitoshe, farasi aliyefunzwa kuitikia mguu huelewa kwamba ameamriwa aongeze mwendo. Wala nguvu za miguu si kila kitu: mpanda farasi Lis Hartel wa Denmark aliugua polio mwaka wa 1944 akapooza chini ya magoti, lakini alishinda medali ya fedha ya dresaji, shindano la kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, katika Olimpiki ya mwaka wa 1952 kule Helsinki, kisha akashinda nyingine mwaka wa 1956. Mwenzetu aliyekaa ofisini mjini Nakuru juma zima huwa na misuli ya mbele ya nyonga iliyokaza, nayo ndiyo inayomwinamisha anapopanda siku ya Jumamosi. Zoezi la yoga la kupiga hatua ndefu, goti la nyuma likiwa mkekani, kwa pumzi tano au sita kila upande, huifungua nyonga hiyo na kuuacha mguu uteremke wenyewe hadi kwenye kikuku, pale mpandaji anapokanyagia.

Dhana: Pilates ni kukaza tumbo liwe gumu.

Joseph Pilates, aliyezaliwa Ujerumani mwaka wa 1883, aliupa mfumo wake jina lenye maana ya elimu ya udhibiti, wala hakuuita elimu ya nguvu. Tumbo lililokazwa kama ubao huzuia pumzi, na anayezuia pumzi hukaza mabega na mikono, mpaka mkazo huo ufike kwa njia ya hatamu kwenye lijamu lililomo kinywani mwa farasi. Kinachotafutwa ni misuli ya ndani, inayokizunguka kiuno kama mkanda, ikishikilie kiwiliwili kwa utulivu huku mikono na miguu ikifanya shughuli zake. Ukipiga magoti na kuweka viganja chini, kisha ukanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, utaujua mara moja upande wako dhaifu. Farasi anayelaumiwa kuwa hataki kugeukia kushoto huenda amebeba mtu anayeegemea kulia.

Dhana: Haya ni mambo ya wanawake na wenye fedha.

Pilates mwenyewe alikuwa mwanamume aliyewahi kucheza ndondi. Mkeka wa kawaida na robo saa vinatosha.

Dhana: Kadiri viungo vinavyolegea, ndivyo mpandaji anavyokuwa bora.

Kiungo kilicholegea bila msuli wa kukidhibiti huyumba juu ya tandiko. Naye aliyeanguka karibuni, au mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, amwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kutandaza mkeka.