Rangi ya sakafu ya gereji inabanduka? Haya ndo mengi tunayodanganyana

Wengi wakiona rangi ya gereji imeanza kubanduka wanakimbilia kununua rangi nyingine, eti ukipiga koti mbili nzito itaibana ile ya chini. Haibani jamani. Rangi mpya inashikilia kile ilichopakwa juu yake, na kama kilichopo chini kishaachia zege basi vyote viwili vitang'oka pamoja, tena kwa mapande makubwa kuliko mwanzo. Chukua kisu, chora alama ya X pale panapoonekana pazima, bandika selotepu ngumu juu yake, ikandamize vizuri halafu ivute kwa nguvu mara moja. Ikija na rangi ujue hata hapo pameshaachia, ingawa kwa macho panang'aa. Isipokuja na kitu, hapo huna haja ya kupatoa, unapiga msasa tu mpaka pawe na mikwaruzo na koti mpya itashika.

Dhana inayoniuma zaidi ni ya asidi. Utasikia mwaga asidi italainisha rangi yote. Asidi ya hidrokloriki haili rangi, inachokula ni saruji! Ukimwaga kwenye sakafu yenye mabaka, pale palipo wazi panachimbika na penye rangi panabaki vilevile, mvuke unachoma macho na koo, na vyuma vyako vyote vilivyomo humo ndani vinaanza kushika kutu. Asidi ina kazi yake, ni kuparuza zege tupu baada ya rangi kuisha, na hata hapo unatia asidi kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi, kisha unasuuza na maji yenye magadi kuua ukali wake.

Kuna pia wanaoamini dawa ya kutoa rangi ikinuka sana ndo nzuri. Zile zenye kemikali ya methilini kloraidi ni kweli zinafanya kazi haraka, ila mvuke wake umeua watu waliokuwa wanazitumia sehemu zisizo na hewa, ndo maana Marekani mwaka 2019 ilizuia zisiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi. Za alkoholi ya benzili ni taratibu zaidi lakini zinatoa, shida ni kwamba mtu anapaka nyembamba kama anapaka losheni, anasubiri robo saa, anakwangua, haitoki, anasema dawa feki. Paka nene, funika na nailoni isikauke, iache masaa kadhaa au hata usiku kucha hasa kama ni epoksi (ile rangi ngumu ya kuchanganya vimiminika viwili), halafu jaribu kwenye kona moja. Ikishaiva utaona rangi imekunjamana na skrepa inapita chini yake inaivuta kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kama bado unakwaruza kwa nguvu, funika tena usubiri.

Mashine ya maji ya presha nayo watu wanaisifia sana. Inatoa iliyokwisha kulegea, basi, na inalijaza zege maji ambayo itabidi usubiri siku kadhaa yakauke.

Grenda yenye diski ya almasi hiyo kweli inamaliza kazi, ila kuna wanaodhani kitambaa puani kinatosha. Vumbi la zege lina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), chembe zake ndogo zinaingia mpaka ndani ya mapafu na makovu yake hayaponi. Tumia grenda yenye kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la HEPA (linalonasa chembe ndogo sana), na wewe uvae barakoa ya kazi inayobana uso. Na kama rangi ni ya zamani sana ipime kwanza kama ina madini ya risasi, usiisage kikavu kabla hujajua, vumbi lile linaingia ndani ya nyumba na watoto ndo wanaumia zaidi.

Lakini hayo yote ni bure kama hujajua kwanini ilibanduka. Watu wanalaumu rangi mbovu tu. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 kwenye zege tupu, ziba kingo zote na tepu, kiache angalau masaa 16. Ukikuta matone kwa chini au zege limekuwa jeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini na utaisukuma rangi yoyote utakayoweka. Kama ni pakavu na rangi iling'oka pale tairi zinaposimama tu, basi ni joto la tairi limeivuta, na hapo mara nyingi zege lilikuwa linateleza mno, halikuparuzwa, au lina oili. Oili itoe kwa sabuni yake kabla ya grenda, usije ukaisambaza.

Mwisho dondoshea maji kidogo kwenye zege uliyosafisha. Yakikaa juu kama shanga bado kuna kitu kimeziba, yakinywewa upo sawa. Vidoa vya rangi vilivyoingia kwenye vitundu visikusumbue. Na wala sio lazima upake tena, zege lenye unyevu linakaa vizuri zaidi likiachwa wazi au likipewa dawa inayozama ndani bila kuacha ngozi juu.