Uozo Mweusi wa Kabichi: Yasemwayo Mashambani na Ukweli Wake

Wakulima wengi wa kabichi, kuanzia Uyole hadi Kilolo na Njombe, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huamini kwamba uozo mweusi ni ugonjwa wa namna moja, na kwamba mbegu iliyoandikwa "stahimilivu" kwenye pakiti itaushinda popote. Kwa maoni yangu, hakuna dhana inayowagharimu zaidi. Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris pv. campestris, na ndani ya jina hilo mna makundi kadhaa ambayo wataalamu huyapa namba kulingana na aina za mimea ambazo kila kundi huweza kuzishambulia. Kundi la 1 na la 4 ndiyo yaliyoenea zaidi duniani. Mmea stahimilivu huwa na jeni (kinasaba) inayoutambua ujio wa bakteria kwa protini fulani anayoiingiza, kisha hujikinga. Jeni ya bakteria inayotengeneza protini hiyo ikibadilika au ikipotea, mmea haumtambui tena, na maandishi ya pakiti hubaki maandishi tu. Afadhali basi kumuuliza muuza pembejeo mbegu yake inastahimili kundi lipi, ingawa jibu la swali hilo ni nadra kupatikana dukani.

Wapo pia wanaodai kulijua kundi kwa kulitazama jani. Haiwezekani: yote husababisha umanjano wenye umbo la V kuanzia ukingoni mwa jani, pamoja na mishipa myeusi. Makundi hutofautishwa kwa kuambukiza aina za mimea ambazo ustahimilivu wake umekwisha kujulikana, au kwa uchunguzi wa vinasaba maabarani.

Husemwa tena kwamba baridi ya nyanda za juu huua ugonjwa. Bakteria huyu hustawi zaidi kwenye nyuzi joto 25 hadi 30, lakini kwenye baridi hufichama: mche wa Julai huweza kumbeba bila dalili yoyote, ukahamishiwa shambani, na mishipa ikaanza kuwa myeusi joto linapopanda.

Dawa ya ukungu haiiponyi kabichi yenye uozo mweusi, kwa kuwa bakteria si ukungu. Kinachosaidia ni kuanzia kwenye mbegu, ambayo ndiyo njia kuu ya makundi mageni kuingia shambani: mbegu za kabichi huloweshwa kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 hivi, kwa kipimajoto na si kwa kukisia, kwani joto likizidi mbegu hazioti.