Amana ya Muda Maalumu: Miezi Sita au Mwaka Mzima?

Mwekaji anayetaka kufunga akiba yake benki kwa muda maalumu, yaani kutoitoa hadi siku iliyokubaliwa, mara nyingi huanza kwa kuuliza riba ni asilimia ngapi, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni fedha hizo zitahitajika lini. Mzazi wa Kampala anayelipa karo kila muhula hawezi kuifungia karo hiyo mwaka mzima, hata riba ya miezi 12 ikiwa nono namna gani.

Tuchukue shilingi 5,000,000, kwa viwango vya mfano tu. Kwa asilimia 10 kwa mwaka, miezi 6 huzaa riba ya shilingi 250,000. Ikiondolewa kodi ya zuio ya asilimia 15, ambayo benki huikata kabla ya kukulipa, hubaki 212,500. Ukizifunga zote, mtaji pamoja na riba, tena miezi 6 kwa kiwango kilekile, kwa mwaka utakuwa umepata takriban 434,000. Amana ya mwaka mmoja kwa asilimia 11 ingekupa 467,500. Tofauti haifiki shilingi 34,000, na huo ndio ujira wote wa kukubali kutoigusa fedha katikati ya mwaka. Ukilazimika kuvunja mkataba wa mwaka baada ya miezi tisa, unaweza kupoteza riba yote au sehemu yake, kutegemea masharti uliyotia saini.

Ni kweli kwamba muda mrefu humkinga mwekaji viwango vinaposhuka. Benki Kuu ya Uganda ikipunguza riba yake ya msingi, ambayo ni kiwango elekezi kwa benki nyingine, riba za amana huelekea kufuata, japo kwa kuchelewa. Ikipandisha, aliyejifunga hubaki na kiwango cha zamani. Katika mfano wetu, riba ya nusu ya pili ya mwaka ingelazimika kuvuka asilimia 11.5 ndipo muda mfupi ushinde. Kwa kuwa utabiri huo huwashinda hata wataalamu, napendelea akiba igawanywe: sehemu miezi 3, sehemu miezi 6, na ile isiyo na kazi ya karibu mwaka mmoja.

Mwenye kiasi kikubwa akumbuke pia kwamba Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda humfidia mwekaji hadi shilingi milioni 10 katika kila benki, na kwamba akiba iliyo kwenye SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) haimo katika kinga hiyo.

Mwisho, uliza kitakachotokea siku amana itakapoiva, yaani muda wake utakapokwisha. Ikiwa mkataba unajirudia wenyewe, fedha hufungwa upya kwa kiwango cha siku hiyo, ambacho huenda kikawa cha chini. Usipotaka hivyo, wape benki maelekezo ya maandishi mapema.