Je, wajua Marekani haina hata kambi moja Ufilipino, na bado askari wake wapo?

Muulize mtu anayefuatilia habari za Bahari ya Kusini mwa China: Marekani ina kambi ngapi za jeshi Ufilipino? Wengi watakujibu tisa, maana ramani zinazochapishwa kila mvutano wa Manila na Beijing unapozuka huwa na nukta tisa. Kisheria jibu ni sifuri. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987, ibara ya 18, kifungu cha 25, inasema kambi, askari na mitambo ya jeshi la kigeni havitaruhusiwa kuingia nchini ila kwa mkataba ulioridhiwa na Seneti, na Bunge likitaka, wananchi nao wapige kura ya maoni. Mkataba wa kambi wa namna hiyo haupo. Lakini askari wapo, bohari zao zipo, na mwezi Aprili 2024 uliletwa mtambo wa makombora yanayoweza kufika China bara.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu kuhusu jambo hili, na lilikuwa na makosa mawili. Nimekutana na watu wengi wanaoyabeba yote mawili, ndiyo maana nayaanza haya kabla ya kingine chochote.

Kosa la kwanza: niliamini mlima ndio uliowafukuza Wamarekani. Simulizi yake inavutia, na nusu yake ni kweli. Pinatubo, volkano iliyokuwa imelala karibu miaka 500, ililipuka tarehe 15 Juni 1991. Siku hiyohiyo kimbunga kilichoitwa Yunya kikapita juu yake. Mvua ikaloweka majivu yakiwa bado hewani, yakatua juu ya mapaa mazito kama saruji mbichi, na watu wengi waliokufa siku ile waliuawa na mapaa yaliyowaangukia. Kambi ya anga ya Clark ilikuwa jirani na mlima. Siku tano kabla ya mlipuko mkubwa, watu wapatao 14,500 walikuwa wameshaondolewa pale kwa misafara ya magari kuelekea kambi ya wanamaji ya Subic. Clark haikufufuliwa tena na Wamarekani. Waliikabidhi Novemba mwaka huohuo.

Ila Subic ndiyo iliyokuwa kito chenyewe. Ilikuwa bandari yenye kina, yenye karakana za kutengenezea manowari, na majivu yake yalizolewa ikaendelea na kazi. Marekani iliitaka. Serikali mbili zilikuwa zimeafikiana mkataba wa miaka 10 zaidi, kwa msaada wa dola milioni 203 kila mwaka. Rais Corazon Aquino aliupigia debe mkataba huo hadi akaongoza maandamano ya kuuunga mkono. Tarehe 16 Septemba 1991 ukafika mbele ya Seneti iliyoongozwa na Jovito Salonga. Kumi na mmoja wakaukubali, kumi na wawili wakaukataa. Meli za mwisho zikaondoka Subic tarehe 24 Novemba 1992.

Kwa hiyo waliowaondoa ni wabunge kumi na wawili, kwa kura zao, wakipingana na rais wao. Hapo napo kuna kosa dogo ndani ya kosa: utasikia watu wakisema mkataba uliangushwa na kura moja. Sivyo. Ulihitaji theluthi mbili ya Seneti, yaani kura 16, na ulipata 11. Nasisitiza hili kwa sababu simulizi ya mlima inawanyima Wafilipino tendo walilolifanya wenyewe, tena nadra sana: nchi iliyokuwa koloni kumwambia mkoloni wake wa zamani, kwa utaratibu wa sheria, kwamba muda umekwisha.

Kosa la pili: nilidhani Wamarekani walirudi kwenye kambi zao. Walirudi, ila si kwenye kambi, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yote.

Ngazi waliyopandia ina vidato vitatu. Cha kwanza ni mkataba wa kulindana wa mwaka 1951, ambao haukuwahi kufutwa. Unaahidi kusaidiana mmoja akishambuliwa, basi. Cha pili ni mkataba wa mwaka 1998 kuhusu askari wageni, unaoeleza askari wa Marekani anaingiaje nchini kwa ziara au mazoezi, na akitenda kosa atashitakiwa na nani. Seneti iliuridhia mwaka 1999 chini ya Rais Joseph Estrada. Estrada huyo alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili waliosema hapana mwaka 1991. Katikati ya kura hizo mbili China ilikuwa imeonekana ikijenga vibanda juu ya mwamba wa Mischief, unaodaiwa na Ufilipino. Kidato cha tatu ni makubaliano ya Aprili 2014, yaliyosainiwa Barack Obama akiwa njiani kuingia Manila. Haya ndiyo yaliyozaa zile nukta za ramani: maeneo matano mwaka 2016, mengine manne mwaka 2023. Makubaliano hayaziiti kambi. Yanaziita maeneo yaliyokubaliwa, na kila moja lipo kwenye ardhi ya Ufilipino, zaidi ndani ya vituo vya jeshi la Ufilipino lenyewe.

Sasa, mtu anakaaje mahali bila kukaa?

Fikiria stendi ya daladala. Hakuna gari linaloishi pale. Kila moja linaingia, linapakia, linatoka, na dereva ukimuuliza atakuambia anapita tu, naye hasemi uongo. Lakini wewe abiria, ufike alfajiri au saa tatu usiku, gari utalikuta. Ukihesabu magari moja moja, hakuna mkazi. Ukiitazama stendi, haijawahi kuwa tupu. Askari wa zamu hukaa hivyohivyo. Mfano wake wa wazi ulikuwa Zamboanga, kusini mwa nchi, ambako kuanzia mwaka 2002 makomando wa Marekani walilisaidia jeshi la Ufilipino dhidi ya kundi la Abu Sayyaf. Kila askari alikuja kama mgeni wa miezi kadhaa. Kikosi chenyewe kilifungwa mwaka 2015.

Majengo nayo yana kanuni yake. Anayeijua Mombasa anajua nyumba zisizo na ardhi: mtu anajenga, nyumba ni yake, lakini kiwanja ni cha mwingine na kila mwezi analipia ardhi. Makubaliano ya 2014 yamegeuza mambo chini juu. Marekani inajenga bohari au inakarabati njia ya kurukia ndege kwa fedha zake, na jengo la kudumu linakuwa mali ya Ufilipino. Kodi ya pango hailipwi. Mjenzi analitumia mpaka atakaposema halihitaji tena. Vinavyohamishika, kama mahema, magari na silaha, vinabaki mali ya Marekani. Silaha za nyuklia zimekatazwa. Langoni bendera ni ya Ufilipino na kamanda wa kituo ni Mfilipino.

Wapo walioona hii ni kambi iliyovishwa kanzu nyingine, wakaenda Mahakama ya Juu. Wawili kati yao, Rene Saguisag na Wigberto Tañada, walikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili. Seneti yenyewe, Novemba 2015, ilipitisha azimio kwamba makubaliano hayo hayana nguvu bila idhini yake. Januari 2016 mahakama iliwashinda wote, majaji kumi kwa wanne. Hoja iliyobeba hukumu ilisimama juu ya maneno mawili matatu ya kifungu cha 25: hawataruhusiwa kuingia. Katazo, ilisema mahakama, linahusu kuingia. Mlango ulishafunguliwa na mkataba wa 1998 ambao Seneti iliuridhia, na yatakayofuata ndani ya nyumba ni kazi ya rais kuyapanga. Kwa lugha ya barazani kwetu: hodi ilishapigwa, karibu ilishatamkwa, na mgeni akitoka sebuleni kwenda ukumbini hapigi hodi ya pili.

Naielewa hoja hiyo, ila hainiridhishi. Katiba haikutaja kambi peke yake. Iliweka kambi, askari na mitambo katika sentensi moja, na ni vigumu kuamini kwamba waliotaja vyote vitatu walikuwa wanafikiria mlango tu, bila kujali mgeni atalala siku ngapi. Hukumu imeshatoka, hata hivyo, na ndiyo sheria ya nchi.

Mpango huu si wa Ufilipino peke yake. Camp Simba kule Manda Bay, kaunti ya Lamu, ni kituo cha jeshi la wanamaji la Kenya ambacho Wamarekani wamekitumia kwa miaka. Wengi wetu tulianza kulizingatia jina hilo tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walipokishambulia na Wamarekani watatu wakauawa. Linganisha na Camp Lemonnier ya Djibouti, ambayo Marekani imeikodi na inailipia: ile ni kambi, kwa jina na kwa sheria.

Je, kuwapo kwa Wamarekani kunawalinda Wafilipino? Hapa mjadala ni mkali, na ushahidi hautoshi kumaliza ubishi. Wanaosema ndiyo wanaonyesha kalenda: kambi zilifungwa 1992, China ikatokea Mischief miaka isiyozidi mitatu baadaye, na mwaka 2012 ikaudhibiti mwamba wa Scarborough. Wanakumbusha tarehe 17 Juni 2024, karibu na mwamba wa Second Thomas, walinzi wa pwani wa China walipoivamia boti ya mahitaji na mwanamaji wa Kifilipino akapoteza kidole gumba. Lakini jambo moja kufuata jingine halithibitishi kwamba limesababishwa nalo. Januari 1974 China ilivitwaa visiwa vya Paracel kutoka kwa Vietnam Kusini, rafiki wa Marekani, wakati Subic imejaa manowari, na manowari hizo hazikuingilia kati. Wanaopinga wanaongeza hesabu yao: kila bohari ni shabaha vita vikizuka juu ya Taiwan. Gavana wa Cagayan, Manuel Mamba, alilisema hilo wazi mwaka 2023 mkoa wake ulipopewa maeneo mawili, takriban kilomita 400 kutoka kisiwa hicho. Wapo pia wanaolipima jambo kwa kumbukumbu za Olongapo, mji uliolelewa na Subic, ambako mwaka 2014 askari mgeni alimuua mkazi mmoja na swali la nani amshike likarudi upya.

Na hapo ndipo ule mtambo wa 2024 unapoingia. Unaitwa Typhon. Ukiutazama kwa karibu, kirushio chake kinafanana na kontena ya futi 40 iliyopakiwa kwenye semitrela, kama zile unazozipisha barabarani zikitoka bandarini. Ndani yake kuna makombora manne, na kasha huinuliwa kusimama wima kabla ya kurusha. Hurusha Tomahawk, zinazokwenda zaidi ya kilomita 1,600. Hadi Agosti 2019 Marekani ilikuwa imefungwa na mkataba wake wa 1987 na Wasovieti, uliopiga marufuku kombora la masafa hayo kurushwa kutoka nchi kavu. Ilijitoa, na kaskazini mwa Luzon, kisiwa kikuu cha Ufilipino, pakawa mahali pa kwanza ng'ambo kuupokea mtambo huu.

Ulikuja kwa ajili ya mazoezi, yakiwemo yale yaitwayo Balikatan, neno la Kitagalog lenye maana ya bega kwa bega. Jeshi la Ufilipino lilisema utaondoka kufikia Septemba. Septemba ikapita. China ikadai uondolewe. Januari 2025 Rais Ferdinand Marcos Mdogo akajibu hadharani kwamba ataurudisha, mradi China iache kudai maeneo ya Ufilipino na kuwasumbua wavuvi wake. Mwaka ukaendelea, mtambo ukiwa bado Luzon. Una magurudumu, kwa hiyo si jengo, na kanuni ile ya jengo kuwa mali ya mwenye ardhi haiugusi.