Je, wajua kwa nini simbamarara hutafutwa kwa masikio?

Kwa miaka mingi niliamini simbamarara hawezi kujificha. Rangi ya chungwa, mistari myeusi, dume la uzito unaoweza kupita kilo 200: utamkosaje kwa macho? Kosa langu lilikuwa kudhani kila mnyama anamwona kama ninavyomwona mimi.

Chukua chitali, kulungu mwenye madoa meupe, windo lake kuu katika misitu mingi ya India. Jicho lake lina aina mbili tu za seli za rangi. Letu lina tatu. Fikiria tenga la nyanya sokoni, mbivu na mbichi zimechanganywa. Wewe unazichambua kwa kutupa jicho tu. Chitali angeona zote zinakaribia kufanana, labda azibonyeze moja moja. Ndivyo anavyomwona simbamarara aliyelala kwenye nyasi: rangi yake imezama kwenye majani, na mistari imemkatakata umbo, mgongo ukawa kama vivuli vya mabua.

Sasa inua macho mtini. Languri, tumbili mwenye uso mweusi wa ukoo mmoja na mbega wetu, huona rangi kama sisi, tena yuko juu. Akimwona simbamarara hukohoa kwa ukali, mfululizo. Chitali walio chini, wakila majani na matunda anayoyaangusha, husimamisha mikia na kupiga mlio mwembamba.

Ndiyo maana waongozaji wa watalii katika hifadhi za Kanha na Bandhavgarh, India, huzima injini, wakanyamaza na kusikiliza. Mlio ukitoka mtoni, kisha mbele kidogo, kisha mbele zaidi, simbamarara yuko njiani anatembea.

Kuhesabu ni kazi nyingine. Zamani zilitegemewa nyayo, mpaka mwaka 2005 ilipothibitika kwamba hifadhi ya Sariska haikuwa na simbamarara hata mmoja, ingawa hesabu ya nyayo ilionyesha wapo. Leo hutegwa kamera, maana hakuna wawili wenye mistari inayofanana. Makadirio ya India ya 2022 ni simbamarara 3,682.

Tahadhari: chui naye hupigiwa kelele hizo hizo, na chitali hushtuka upesi hata pasipo na kitu. Anayeaminiwa zaidi ni sambari, kulungu mkubwa wa rangi ya udongo. Hutoa mlio mmoja mzito, akagonga ardhi kwa mguu wa mbele, mkia juu, masikio yameelekea kichaka kimoja. Dereva huwasha gari na kuelekea kichaka hicho.