DSC 1 umeshapata, sasa mbona DSC 2 unaikimbia?

Swali tunaloulizwa sana na watu wanaotaka kuwinda kulungu Uingereza ni hili, je sheria inanilazimisha kuwa na cheti cha DSC (Deer Stalking Certificate, yaani cheti cha kuwinda kulungu, chenye ngazi ya 1 na ya 2)? Hapana. Ujerumani huwezi kuwinda bila kufaulu mtihani wa serikali, ila Uingereza ukiwa na kibali cha bunduki toka polisi na ruhusa ya mwenye ardhi unaingia porini, cheti ni hiari. Shida ni kwamba mtu akisikia hiari anaelewa haina kazi.

DSC 1 kwa kiasi kikubwa ni darasa. Unajibu maswali, unaonyeshwa picha uwatambue kulungu wa aina sita wanaoishi kule porini (mwekundu, ro, falo, sika, muntijaki na yule wa maji wa China), unaonyesha usalama wa bunduki, unapiga shabaha. Ni msingi mzuri sana, ila shabaha haigeuki ghafla wala haina mtoto anayeinyonya. DSC 2 ndo kazi yenyewe, shahidi aliyeidhinishwa anakufuata porini anakuangalia unavyomwendea mnyama upepo ukikujia usoni, unavyohakikisha nyuma yake kuna udongo wa kuizuia risasi, na kwangu mimi kubwa kuliko yote, unavyoamua kuacha kupiga.

Halafu kuna nyama, na hapa watu wengi wanapapita haraka mno. Kanuni za usafi wa chakula zilizoanza kutumika 2006 zinasema nyama ya porini ikienda kwenye kiwanda kilichoidhinishwa lazima iwe imekaguliwa na mtu aliyefundishwa. Ukaguzi wenyewe unaanza mnyama akiwa bado hai, unamtazama kwa darubini, anachechemea? amekonda? mbona haogopi watu? Akishaanguka unamtoa matumbo na kuangalia tezi, mapafu, ini, unatafuta uvimbe au usaha maana kulungu wanaweza kuwa na kifua kikuu cha ng'ombe na huo ni ugonjwa wa kuripotiwa kisheria. Kama kila kitu kiko sawa unafunga lebo yenye namba na tamko lako, siku, saa na mahali alipouawa. Kwa lebo hiyo kiwanda hakihitaji kuletewa kichwa na matumbo, kinategemea macho yako. DSC 1 inakufundisha haya yote kwa maelezo, lakini kuyafanya kwenye matope, giza linaingia, mikono imekufa ganzi, na mtu amesimama anakuangalia, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Uskoti ngazi hii ina faida nyingine ya wazi. Anayetaka idhini ya kupiga kulungu usiku lazima awe kwenye rejista ya watu wenye sifa inayosimamiwa na NatureScot, shirika la serikali la mazingira ya asili kule Uskoti, na DSC 2 ni mojawapo ya njia za kuingia humo. Wenye misitu nao wengi wanaiulizia kabla hawajakupa eneo.

Ila nisiwadanganye jamani, cheti hiki peke yake hakikufanyi meneja wa kulungu. Mbwamwitu na linksi (aina ya paka mkubwa wa porini) walishatoweka kule karne nyingi zilizopita, kwa hiyo idadi ya kulungu inamsubiri binadamu aipunguze, na binadamu mwenyewe anapenda madume yenye pembe kubwa. Ukipiga madume tu idadi haishuki, majike yanaendelea kuzaa na miche inaendelea kuliwa. Kuhesabu wanyama, kusoma alama za meno kwenye miti michanga, kupanga majike mangapi yapunguzwe msimu huu, hayo unaongezea mwenyewe kwa kozi nyingine na kwa kukaa na waliokutangulia.

Kama umeamua, jisajili mapema na umpate shahidi kabla ya Novemba. England na Wales msimu wa majike ya aina nyingi ni tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi, siku ni fupi, hali ya hewa inavuruga ratiba, na mashahidi wazuri wanawahiwa.