Unataka kupunguza wanga? Njoo kwanza tupange upya dozi yako

Siku hizi kliniki ya kisukari tunapokea watu ambao sukari imewashuka vibaya, ukimuuliza kulikoni anakwambia "nimeacha wanga." Kaona klipu mtandaoni, kaondoa wali, mkate na viazi kwa siku moja, alafu jioni kameza vidonge vyake vilevile na kujichoma insulini ileile. Sasa tuelewane, hatupingi kupunguza wanga. Kwa mwenye kisukari aina ya 2 inasaidia kweli, sukari inashuka na wengi wanapungua uzito. Tunachopinga ni mtu kufanya kimyakimya bila anayemwandikia dawa kujua.

Dozi yako ilipangwa kulingana na chakula ulichokuwa unakula. Insulini, na vidonge kama glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi, vinaendelea kushusha sukari hata kama kwenye sahani hamna wanga. Metformini peke yake ni mara chache kuleta shida hiyo. Alafu kuna vidonge vya kutoa sukari kwa njia ya mkojo, dapagliflozini na empagliflozini, ukivitumia huku umekata wanga kabisa damu inaweza kujaa asidi wakati mashine inakusomea namba nzuri tu au iliyopanda kidogo. Kwa hiyo ukianza kutapika, tumbo linauma, unahema kwa nguvu, usikae kuangalia namba, wahi hospitali.

Kiasi chenyewe: chini ya gramu 130 za wanga kwa siku ndo huitwa wanga kidogo, gramu 20 hadi 50 ni kidogo mno na hiyo usiianze mwenyewe nyumbani. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 15, kikombe cha wali uliopikwa kama 45, yai halifiki hata gramu 1. Na jamani, asali ni sukari, sukari ya kahawia ni sukari, na juisi uliyokamua mwenyewe bila kuongeza kitu bado ina sukari yote ya matunda yale. Hili tunalirudia kila siku na bado mtu anakuja na chupa ya asali kwenye mkoba anasema hii ni ya asili.

Sukari ikisoma chini ya 3.9 mmol/L (kwa mashine zinazosoma kwa mg/dL ni chini ya 70), kunywa au kula gramu 15 za sukari ya haraka, yaani nusu glasi ya juisi au vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini rudia. Ikishapanda kula kitu. Kuna wagonjwa wanatetemeka, jasho linawatoka, na bado wanakataa juisi eti itaharibu dayati! Hapo juisi ni dawa, kunywa. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu chochote mdomoni, alazwe ubavu na mpigie simu huduma ya dharura.

Wenye kisukari aina ya 1, yaani ambao mwili hautengenezi insulini, hakuna chakula kinachoziba nafasi ya insulini. Kabla ya Januari 1922, pale Toronto alipochomwa insulini mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14, madaktari walikuwa wanawanyima watoto wanga na karibu chakula chote, wakaongeza siku chache tu na watoto wakafa wamekonda mifupa. Anayekwambia uache sindano kwa sababu umeacha wanga anakuweka kwenye hatari ileile.

Kuhusu kupima. Nawa mikono kwa maji na sabuni uikaushe kabisa, maana ukimenya tunda alafu ukajichoma bila kunawa mashine itasoma sukari iliyobaki kwenye ngozi na utaongeza insulini bure. Choma pembeni ya ncha ya kidole, sio katikati, pembeni hapaumi sana. Angalia tarehe ya kuisha ya stripu (kile kijiti cha kuwekea damu) na ufunge kopo lake. Andika namba, saa, ulichokula na dawa uliyotumia, vyote vinne, daftari lenye namba tupu halitusaidii. Wiki za mwanzo pima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, pia kabla ya kuendesha gari kama unatumia insulini au vile vidonge vitatu vya kwanza.

Na "nimepona" tusiiseme haraka. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3) ikikaa chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi 3 baada ya kuacha dawa, hapo tunasema ugonjwa umetulia, lakini kipimo hicho utaendelea nacho angalau mara moja kila mwaka, na macho, figo na miguu vilevile.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye shida ya figo, hawa wasianze bila kuonana na daktari. Wengine wote njooni na daftari na dawa zote mnazotumia, hata za mitishamba, kabla hamjabadilisha sahani. Hakuna atakayewagombeza. Dozi tutaipunguza hatua kwa hatua kadri namba zinavyoshuka.